Johannes Rebmann na Taarifa ya Theluji: Maisha ya Mwandishi wa Kitaalamu katika Miteremko ya Kilimanjaro

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza maisha ya Johannes Rebmann (1820–1876) kwa kumtazama kama mwandishi wa taarifa za kitaalamu. Wapo waliokwisha kumweleza kama mmisionari, na wapo waliomweleza kama msafiri. Mitazamo hiyo miwili haitupi jibu la swali ambalo, kwa maoni yetu, ndilo zito zaidi katika habari zake: kwa nini mtu aliyeona jambo la kweli, akaliandika kwa uaminifu na kulituma kwa wasomaji waliokuwa na hamu ya kulijua, aliitwa mzushi kwa zaidi ya miaka kumi?

Wanafunzi wetu wa shahada za juu wanapofundishwa misingi ya uandishi wa kitaalamu huonyeshwa vielelezo kutoka viwanda na maabara za ng'ambo. Vielelezo hivyo vina manufaa yake. Hata hivyo, mojawapo ya mabishano makali ya karne ya 19 juu ya taarifa ya kitaalamu, yaani namna inavyoandikwa, anavyofikiriwa msomaji wake, na ushahidi unaotakiwa kuisimamisha, lilizuka kutokana na sentensi chache zilizoandikwa juu ya mlima ambao mwanafunzi wa Moshi huuona kila asubuhi mawingu yanapofunguka.

Kwa uandishi wa kitaalamu tunamaanisha hapa uandishi ambao lengo lake ni kumwezesha msomaji aliye mbali kujua, kuamua au kutenda jambo juu ya kitu ambacho yeye mwenyewe hakukiona. Fasili hii ni pana kuliko ile ya vitabu vya kiada, ambayo huufunga uandishi huu katika maelekezo ya mitambo. Anayeandika kijitabu cha kumweleza mkulima wa Kibosho wakati wa kupogoa mibuni, na anayeandika taarifa ya safari kwa wanajiografia wa London, wote wawili wanakabiliwa na tatizo moja: msomaji hana njia nyingine ya kufikia jambo lile ila kwa maneno yale.

2.0 Kutoka Gerlingen hadi Rabai

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, kijiji cha wakulima wa mizabibu katika Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Alisomea umisionari Basel, nchini Uswisi, kisha akapelekwa Uingereza kuendelea na masomo katika chuo cha Church Missionary Society kilichokuwa Islington. Tangu mwanzo, basi, alikuwa mtu wa kuandika kwa lugha isiyokuwa yake. Aliwaza kwa Kijerumani, aliandika taarifa zake rasmi kwa Kiingereza, na mambo aliyoyaandika aliyapata kwa Kiswahili na kwa lugha za bara. Jambo hili husahauliwa na wanaomhukumu kwa mtindo wake.

Alifika Mombasa mwezi Juni 1846 kumsaidia Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa pwani tangu 1844. Mwezi Agosti mwaka huo walihamia Rabai, katika vilima vya nyuma ya Mombasa, ambako Rebmann aliishi kwa karibu miaka 29 bila kurudi Ulaya hata mara moja. Krapf alikuwa mtu wa mipango mikubwa na haraka, na Rebmann alikuwa mpole na mzito wa kubadili mawazo. Tofauti hiyo inaonekana katika maandishi yao. Krapf huandika kama mtu anayemwita msomaji aje, na Rebmann huandika kama mtu anayejiwekea kumbukumbu.

Shule yake halisi ya uandishi ilikuwa Rabai. Kila siku aliandika maneno, akayauliza tena kwa mtu mwingine, akayalinganisha. Mwezi Oktoba 1847 alifanya safari yake ya kwanza ya bara, hadi Kadiaro katika nchi ya Taita, mlima ambao leo huitwa Kasigau. Safari ile ilimfundisha mambo mawili. Kwanza, aliona kwamba misafara ya Waswahili ilikuwa na maarifa mengi ya bara yasiyokuwamo katika ramani yoyote ya Ulaya. Pili, aliona kwamba maarifa hayo yalihifadhiwa kwa masimulizi yenye mpangilio wake, ambao mgeni hana budi kujifunza kuusoma.

Mfano mzuri ni onyo alilopewa na liwali wa Mombasa kabla ya kwenda Uchagani. Liwali alimwonya asithubutu kuupanda mlima wa Kilimanjaro kwa kuwa umejaa majini. Watu waliowahi kupanda walikakamaa mikono na miguu, na baruti yao ilikataa kuwaka. Msomaji wa Ulaya wa wakati ule angeliweka simulizi hili katika fungu la ushirikina na kufunga kitabu. Sisi tukilisoma kwa makini tunaona kwamba ukiondoa neno majini, kilichobaki ni orodha ya dalili za baridi kali na unyevu, iliyohifadhiwa vizuri na watu ambao hawakuwa na jina la kisababishi chake. Rebmann alilibeba onyo hilo akilini alipoondoka.

3.0 Asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848

Msafara uliondoka Rabai tarehe 27 Aprili 1848. Ulikuwa mdogo: Rebmann, wapagazi wachache, na kiongozi wao Bwana Kheri, Mswahili mzoefu wa njia za bara. Rebmann mwenyewe hakubeba bunduki. Alikuwa na mwavuli, na mwavuli huo umemfanya awe maarufu katika vitabu vya safari kuliko kalamu yake.

Tarehe 11 Mei, wakiwa wamekwisha kuiacha milima ya Taita na kuingia katika nyika inayoelekea Uchagani, Rebmann aliona kitu cheupe mno juu ya mlima mrefu. Katika taarifa aliyoituma, anasema ilikuwa kama saa nne asubuhi, na papo hapo anaongeza kwamba hakuwa na saa. Tungependa msomaji asipite haraka hapa. Mwandishi anatoa kipimo, kisha anamwambia msomaji kipimo hicho kimepatikanaje na kina udhaifu gani. Wapo watafiti wa leo, wenye vyombo vya bei kubwa, ambao hawafanyi hivyo.

Kinachofuata katika taarifa hiyo ni mfululizo wa hatua nne. Kwanza alidhani ni wingu jeupe, na Bwana Kheri akakubaliana naye. Baada ya kutembea kidogo hakuridhika na maelezo hayo, akauliza mara ya pili. Bwana Kheri akajibu kwamba kule kuna wingu, ila weupe ule hakuujua ni nini. Alikisia kwamba ni baridi. Rebmann anakiri kwamba wakati jibu hilo linatolewa yeye alikuwa halisikilizi vema, kwa maana moyoni mwake alikwisha kuitambua theluji, mgeni aliyemzoea tangu utoto wake Ulaya. Kisha aliketi kupumzika akasoma Zaburi ya 111.

Kwa mwanaisimu kisa hiki ni hazina. Bwana Kheri alitumia neno baridi, ambalo Rebmann aliliandika kwa tahajia yake kuwa beredi. Hapana shaka kwamba neno theluji, lenye asili ya Kiarabu, halikuwa katika msamiati wa kila siku wa kiongozi wa msafara wa pwani, kwa kuwa hapakuwa na jambo la kumfanya alihitaji. Mzungumzaji anapokosa jina la kitu hulichukua jina la athari yake. Hii ni taratibu ya kawaida ya lugha zote, nasi tunaitegemea hata leo tunapounda istilahi. Bwana Kheri hakukosea, na wala hakukosa maarifa. Alitenganisha sawasawa wingu na weupe, akasema kipi anakijua na kipi anakikisia. Tukipima kwa vigezo vya uandishi wa kitaalamu, sentensi yake ilikuwa bora kuliko ya bwana aliyemwuliza.

Rebmann naye alikuwa sahihi katika hitimisho lake. Tatizo liko katika njia aliyomwonyesha msomaji. Badala ya ushahidi alitoa tukio la moyoni: nilitambua. Utambuzi ni jambo la kweli kabisa kwa anayetambua, lakini haubebeki. Msomaji aliyeko London hawezi kuutambua weupe asiouona, hivyo anabaki na chaguo la kumwamini mwandishi au kutomwamini.

Zipo, hata hivyo, matoleo mawili ya kisa hiki, na tofauti zake ni za kuangaliwa. Katika kitabu cha safari alichokitoa Krapf, kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860, kisa kimefupishwa: Rebmann anaona kama wingu jeupe, kiongozi anakuita kule baridi, na mara moja inakuwa wazi kwamba ni theluji. Kusitasita kumeondolewa, swali la pili limeondolewa, na mgawanyo alioufanya Bwana Kheri kati ya wingu na weupe umepotea. Toleo fupi husomeka vizuri zaidi, na ndilo linalorudiwa katika vitabu. Kwa taarifa ya kitaalamu ni toleo duni, kwa sababu limefuta zile hatua ambazo msomaji mwenye shaka angetaka kuzipitia mwenyewe.

4.0 Kilema na Machame

Rebmann alipokelewa Kilema na Mangi Masaki. Alifanyiwa kishongo, yaani mbuzi alichinjwa na kipande cha ngozi yake kikavishwa kidoleni kama alama ya urafiki. Alirudi Rabai tarehe 11 Juni akiwa na sifa za nchi yenye mito isiyokauka, migomba na hewa ya kupendeza.

Safari ya pili, iliyoanza Novemba 1848 na kumalizika Februari 1849, ilimfikisha Machame kwa Mangi Mamkinga. Hii ndiyo safari iliyotoa ushahidi bora, na ndiyo ambayo wahakiki wake waliishughulikia kidogo zaidi. Kwa kuupita mlima kwa karibu aliweza kueleza umbo lake: vilele viwili vilivyounganishwa na mgongo, cha mashariki kikiwa cha chini zaidi chenye ncha nyingi, cha magharibi kikiwa kirefu zaidi chenye umbo la kuba. Alieleza pia kwamba kile cha magharibi hubaki na theluji hata wakati wa joto, ilhali cha mashariki hufunikwa wakati wa mvua. Anayeujua mlima huu atavitambua mara moja Kibo na Mawenzi.

Muhimu zaidi, aliwauliza wenyeji. Wachaga hawakuwa na haja ya kukopa neno baridi; walimwambia kwamba weupe ule unaitwa Kibo, naye akaelewa kwamba neno hilo kwao ndilo jina la theluji. Aliambiwa kwamba waliowahi kuupanda mlima walichukua vitu vile vinavyong'aa kama fedha, na vilipofikishwa chini vikawa maji matupu. Aliambiwa pia habari za Mangi Rongua, baba yake Mamkinga, ambaye aliwahi kutuma kundi kubwa la watu kwenda kuchunguza weupe huo. Alirudi mmoja tu, Sabaya, mikono na miguu yake ikiwa imeharibika. Tukumbuke onyo la liwali. Ushahidi wa pwani na ushahidi wa Machame, uliotoka kwa watu wasiojuana, ulisema jambo lilelile juu ya mikono na miguu.

Hapa palikuwa na jengo zima la hoja: umbo la mlima, tabia ya weupe kulingana na majira, jina la kienyeji, jaribio la kuyeyuka, na athari kwa mwili. Kila kipande kimo katika maandishi ya Rebmann, lakini vipande hivyo havikuwekwa pamoja. Vimetawanyika katika siku tofauti za shajara, katikati ya habari za chakula, hongo, mvua na sala, kila kimoja mahali alipokutana nacho. Mpangilio wa shajara ni mpangilio wa maisha ya mwandishi. Msomaji anayetafuta jibu la swali moja anahitaji mpangilio wa hoja, na kazi ya kuuunda aliachiwa yeye.

Hata katika jina la mlima Rebmann alijitahidi. Aliliandika jina lililotumiwa na watu wa pwani, akatoa maana mbili zinazowezekana, mlima wa ukuu au mlima wa misafara, bila kujidai kwamba amekata shauri. Mjadala juu ya asili ya jina hilo haujaisha hata leo, na kule kuandika maana mbili badala ya moja kulikuwa uamuzi wa busara. (Wale wanaoshikilia kwamba jina ni la Kiswahili tupu bado wanadaiwa maelezo kwa nini mlima mrefu kuliko yote barani uitwe kilima.)

Safari ya tatu, kati ya Aprili na Juni 1849, ilikuwa msiba. Alikusudia kupita Machame kwenda Unyamwezi, akiwa na wapagazi 30 na shehena ya vitambaa. Mamkinga alimwomba zawadi juu ya zawadi hata shehena ikaisha, na Rebmann akarudi Rabai mgonjwa na amevunjika moyo. Hakurudi tena Kilimanjaro.

5.0 Taarifa mbele ya wahakiki

Taarifa ya safari ya kwanza ilichapishwa mwaka 1849 katika jarida jipya la Church Missionary Society lililoitwa Church Missionary Intelligencer. Wasomaji wa jarida hilo walikuwa waumini waliochangia fedha za misheni. Kwao Zaburi na theluji katika aya moja si kasoro. Pengine ndiyo raha ya kusoma. Lakini maandishi hayachagui yatasomwa na nani. Mara taarifa ilifika mikononi mwa wanajiografia, na miongoni mwao William Desborough Cooley.

Cooley hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Alikuwa msomi wa vitabu, mwenye bidii isiyo ya kawaida, aliyekusanya masimulizi ya Waarabu, Wareno na Waswahili na kuyalinganisha akiwa London. Mwaka 1845 alikuwa amechapisha maoni yake kuhusu bara la Afrika Mashariki, na ndani yake aliutaja mlima huu kwa masimulizi tu, akaeleza kwamba juu yake kumetapakaa mawe ya akiki nyekundu. Katika kitabu chake cha mwaka 1852 aliikana theluji ya Rebmann. Alidai kwamba Rebmann alikuwa na macho hafifu na hamu kubwa ya maajabu, na kwamba theluji ile ilikuwa kazi ya dhana.

Ni rahisi leo kumcheka Cooley. Ni vizuri zaidi kuuliza alikuwa na haki kiasi gani. Kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta halikuwa jambo la kushangaza kwa wataalamu. Alexander von Humboldt alikuwa amekwisha kuieleza theluji ya milima ya Andes miongo mingi kabla. Swali lilikuwa kama mlima huu ni mrefu kiasi cha kutosha. Rebmann hakuwa na chombo chochote cha kupimia mwinuko, hivyo hakuwa na namba ya kutoa. Aliyekuwa anauliza namba alijibiwa kwa Zaburi. Upande huo, lawama ya Cooley ilikuwa na msingi.

Upande mwingine hakuwa na haki hata kidogo. Alipoushambulia ushahidi alimshambulia shahidi. Macho ya Rebmann na moyo wake si sehemu ya hoja juu ya maji yaliyotokana na kuyeyuka, wala hayana uhusiano na mikono ya Sabaya. Krapf aliuona mlima huo mwenyewe mwaka 1849 alipokuwa njiani kwenda Ukambani, na mwezi Desemba mwaka huo akauona mlima Kenya nao ukiwa na theluji, lakini Cooley hakutikisika. Katika Ujerumani, wanajiografia wenye sifa kama Carl Ritter walielekea kumwamini Rebmann. Yeye mwenyewe aliendelea kuandika kutoka Rabai kwamba ameiona.

Jambo lilimalizika kwa vipimo. Mwaka 1861 Karl Klaus von der Decken alifika Kilimanjaro pamoja na Richard Thornton, mwanajiolojia kijana, wakapima urefu wa mlima. Mwaka uliofuata von der Decken alirudi na Otto Kersten, wakapanda hadi kama meta 4,300, na theluji ikaanguka wakiwa mlimani. Maneno waliyoyaleta hayakuwa na ufasaha kuliko ya Rebmann, lakini yalikuwa na namba. Cooley hakukubali hata hapo. Mwezi Agosti 1871 Charles New, aliyepitia Moshi kwa Mangi Rindi, aitwaye pia Mandara, aliifikia theluji yenyewe na kuigusa. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, penye meta 5,895, tarehe 6 Oktoba 1889.

Swali la theluji ya Kilimanjaro limerudi katika sura nyingine. Kati ya mwaka 1912 na 2011 takribani asilimia 85 ya eneo la barafu la mlima huu lilitoweka. Barafu moja ya upande wa kusini inaitwa kwa jina la Rebmann, nayo imepungua vibaya. Wanaochunguza mabadiliko hayo wangefurahi sana kujua theluji ilishuka hadi wapi mwaka 1848. Rebmann alikuwa pale, akatazama, akaandika. Ila mpaka wa chini wa weupe huo hakuuweka kwa namna ambayo mtu aweza kuupima tena. Alimwandikia msomaji wa mwaka 1849, na msomaji wa leo anapata kile tu kilichosalia.

6.0 Ramani ya ziwa moja

Baada ya mwaka 1849 Rebmann alibaki Rabai. Mwaka 1851 alimwoa Emma Tyler huko Misri. Krapf aliondoka pwani mwaka 1853 kwa sababu ya afya, na Rebmann akafanya kazi na Jakob Erhardt, ambaye aliishi Tanga kwa miezi kadhaa mwaka 1854. Kutokana na mazungumzo na viongozi wa misafara walipata habari nyingi sana za bara. Aliyetoka Kilwa alieleza ziwa. Aliyekwenda Ujiji alieleza ziwa. Aliyetoka njia ya kaskazini alieleza ziwa. Siku moja wawili hao walifikia uamuzi kwamba maji yote hayo ni ziwa moja. Erhardt akachora ramani yenye ziwa kubwa mno, lililojipinda kama konokono asiye na kombe. Ilichapishwa Ujerumani mwaka 1855 na kufika mbele ya Royal Geographical Society mwaka 1856.

Tulinganishe taarifa hizi mbili. Ile ya theluji ilikuwa na hitimisho sahihi lililowasilishwa kwa ushahidi uliotawanyika. Hii ya ziwa ilikuwa na ushahidi mwingi uliokusanywa vizuri na hitimisho lisilo sahihi: watoa habari walikuwa wakweli wote, na maziwa yalikuwa matatu, Nyasa, Tanganyika na Nyanza. Lakini ramani iliwasilishwa kwa umbo linalosomeka kwa jicho moja, ikawa ndiyo iliyochochea safari ya Richard Burton na John Hanning Speke ya mwaka 1857. Burton alimtembelea Rebmann Rabai mwanzoni mwa mwaka huo na kumwalika afuatane nao, hakwenda. Kosa lililochorwa vizuri lilipata wapelelezi na fedha ndani ya miaka miwili, na ukweli ulioandikwa ovyo ulingoja miaka kumi na mitatu. Mwalimu wa uandishi wa kitaalamu hana budi kulitaja jambo hili, ingawa halimfurahishi.

7.0 Kamusi na upofu

Kazi iliyobaki ya maisha yake ilikuwa ya maneno. Kwa maoni yetu hapa ndipo Rebmann alipokuwa mwandishi wa kitaalamu aliyekomaa, na hapa ndipo anaposomwa kidogo zaidi. Alikusanya msamiati wa Kiswahili na wa lugha ya Wanyika, kama walivyoitwa Wamijikenda wakati ule. Alianza pia kamusi ya Kiniassa, lugha ya nchi ambayo hakuikanyaga kamwe.

Kamusi ya Kiniassa aliiandika kwa kumtegemea mtu mmoja, Salimini, mtumwa aliyetekwa bara karibu na ziwa Nyasa na kuletwa pwani. Vikao vyao vilianza katika miaka ya 1850. Utaratibu wa kazi hiyo ni kinyume kabisa cha ile asubuhi ya nyikani. Aliyekuwa hasikilizi vema jibu la Bwana Kheri sasa anauliza neno moja mara nyingi, analiweka katika sentensi, analilinganisha na la Kiswahili, na kumwacha msemaji alirekebishe. Hitimisho la mwandishi limerudi nyuma, na ushahidi umetangulia mbele. Hatudai kwamba lawama za Cooley ndizo zilizomgeuza. Huenda ni umri, au ni hulka ya kazi ya kamusi yenyewe, ambayo haimruhusu mtu kutambua kabla ya kuuliza.

Miaka ilimwendea vibaya. Emma alifariki mwaka 1866. Kituo kilikuwa na waumini wachache, wageni wachache, na macho yake, yale ambayo Cooley aliyasingizia uhafifu, yalianza kufifia kweli. Sir Bartle Frere alipopita pwani mwaka 1873 alimkuta mzee aliyekaribia upofu, akiwa bado amezungukwa na karatasi za kamusi. Mwaka 1875 alikubali kurudi Ulaya. Aliyemshika mkono safarini alikuwa Isaac Nyondo, kijana wa Rabai, mwana wa Abe Ngoa, mmoja wa waumini wa mwanzo wa kituo hicho. Madaktari walishindwa kumrudishia kuona. Aliishi Korntal, karibu na kijiji alichozaliwa na karibu pia na nyumba ya Krapf, akafariki huko tarehe 4 Oktoba 1876.

Krapf ndiye aliyehariri kamusi ya Kiniassa na kuichapisha mwaka 1877. Kamusi ya lugha ya Wanyika, yenye majina ya Krapf na Rebmann wote wawili, ilitoka mwaka 1887, baada ya Krapf naye kufariki. Katika dibaji ya ile ya kwanza Rebmann ameeleza jinsi maneno yalivyopatikana, kutoka kwa nani, na katika hali gani, na jina la Salimini limeandikwa humo.